Hesabu ya Buffalo

Mliomtukana Margareta wiki nzima, sogeeni hapa. Najua mlivyosema, maana barua zenu nimezisoma zote: mwanamke gani huyo, anasimama katikati ya ukumbi na mkoba wake begani, mume kulia, kaka kushoto, watu wote wanamtazama, na mguu hauinuki? Haya. Tulimwacha hapo, Jumamosi ya mwezi wa sita mwaka 2015, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kanisa mjini Louisville, siku Warundi wa miji mitatu ya Amerika, Louisville, Columbus na Buffalo, walipokuwa wakichagua mwenyekiti wao.

Kwa aliyechelewa, mambo ni haya. Mumewe Margareta ni Sylveri, mkulima wa kuzaliwa. Katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, Tanzania, alikuwa akilima kwa siri nje ya mpaka, mahali ambapo mkimbizi haruhusiwi kukanyaga. Siku alipokamatwa alichapwa mpaka akalazwa, lakini majina ya wenzake watatu hakuyataja. Margareta alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, akampenda hapohapo.

Amerika, Sylveri alipata kazi kiwandani Jeffersontown. Akaona eka kumi za majani zimelala bure nyuma ya kanisa la Wamarekani, akaenda kuziomba. Leo familia arobaini na tatu zinalima pale maharage, lengalenga na mahindi meupe. Kisha watu wakaanza kumtuma awasemee shuleni, hospitalini na ofisi za mji, na jamaa akaonja utamu wa kusikilizwa. Ndivyo mkulima wetu alivyogeuka mwanasiasa.

Mpinzani wake ni nani? Leopoldi, kaka yake Margareta, tumbo moja. Mwaka wa tisini na nne huyu ndiye aliyembeba Margareta mgongoni siku mbili, mtoto ana homa kali, mpaka wakavuka kuingia Tanzania. Siku hizi ni msimamizi wa zamu kwenye ghala, mtu wa maneno machache na suruali iliyonyooshwa pasi.

Na wanachogombea si jina tu. Lile kanisa limesema litawapa Warundi kitu kimoja: shamba lile kwa miaka kumi, au jengo lake la zamani liwe ukumbi wao wa harusi na misiba. Mwenyekiti mpya ndiye atakayesaini, na atasaini leo kabla ya saa kumi na moja. Sylveri akishinda, shamba litabaki. Leopoldi akishinda, watapata jengo, na pale kwenye maharage yatapaki matrela ya ghala la jirani.

Sasa mnaelewa kwa nini miguu ilimgoma.

Mzee Salvatori, msimamizi wa uchaguzi, alimwambia mara ya pili kwamba achague upande au akae pembeni. Leopoldi hakumwita. Alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Sylveri ndiye aliyemkazia macho, na Margareta akaona midomo ya mumewe imekauka kabisa.

Akaenda kwa mumewe. Akajipanga mwisho wa mstari, nyuma ya mama mmoja mnene aliyemficha vizuri. Aliona aibu, tuseme ukweli. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Mstari huo usiwashangaze. Vijana walitaka kura za karatasi, wengine walitaka kupiga kwa simu. Wazee walikataa katakata. Kambini karatasi ziliwahi kuibwa mara mbili, na tangu hapo kila kiongozi wa mtaa alichaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma yake, msimamizi akipita na kugusa bega la kila mtu huku akihesabu kwa sauti. Wazee walisema mstarini hakuna wa kudanganya.

Kwa hiyo simu ya mzee Salvatori iliwekwa mezani na kuunganishwa na spika za kanisa. Columbus walikuwa wanasikiliza kutoka kwao, Buffalo kutoka kwao. Miji yote mitatu ilipanga mistari saa ileile.

Salvatori alipita akigusa mabega. Louisville wakatoka hivi: Leopoldi themanini na wanane, Sylveri themanini na watatu.

Columbus wakaleta za kwao kwa sauti ya Jovini, karani wao: Leopoldi arobaini na mmoja, Sylveri thelathini na sita.

Kumi nyuma. Upande wa Leopoldi walianza kuimba, na mtu mmoja akakimbia kumletea koti lake ili apigwe picha akiwa mtanashati. Sylveri alijifuta jasho kwa kiganja. Buffalo ni mji wenye Warundi wachache kuliko yote, na kila mtu mle ukumbini alilijua hilo.

Kisha ikaja sauti ya Reginaldi, karani wa Buffalo. Leopoldi kumi na tano. Sylveri hamsini na saba.

Mzee Salvatori alimwomba arudie. Akarudia vilevile. Salvatori akajumlisha kwenye daftari, akajumlisha tena, akavua miwani na kutangaza kwamba Sylveri amepata mia moja sabini na sita, Leopoldi mia moja arobaini na nne.

Vigelegele vilipasua paa. Wanawake wa shambani walimzunguka Sylveri wakicheza. Leopoldi alikaa kidogo, akainuka, akaenda kumpa shemeji yake mkono kama mwanamume. Njiani alimpita dada yake, karibu kabisa, na hakumwambia neno. Hilo lilimuuma Margareta kuliko matusi.

Alikimbilia jikoni. Huko alikuwepo Nabintu, jirani yao Mkongomani aliyekuja kusaidia kupika, anageuza maandazi kwenye mafuta. Margareta akatoa simu ampigie wifi yake. Angelika, dada yake Sylveri, anakaa Buffalo mtaa wa Riverside, na Warundi wa huko walikuwa wamekusanyikia sebuleni kwake. Margareta alitaka kushukuru tu, na pia alitaka kusikia sauti ya mtu anayempenda.

Walicheka, wakapongezana. Margareta akamwambia wifi yake kwamba leo nyumba imejaa kweli, na watoto umewaweka wapi?

"Kujaa wapi, wifi," Angelika alisema. "Wengi wako kazini, na wale wa Cheektowaga gari limewaharibikia njiani. Tuko kumi na sita tu. Hata chai imebaki."

Margareta alidhani anataniwa. "Na hao hamsini na saba wametoka wapi?"

"Si ndiyo saizi. Mimi nimesimama na saizi yangu saba, Reginaldi na tisa yake. Ukijumlisha unapata hiyo."

Ngojeni niwaeleze saizi, maana wengine kambi mnaisikia redioni. Siku ya posho, yaani ya kugawiwa chakula, familia yenye watu watano iliitwa saizi tano. Baba au mama alisimama peke yake kwenye foleni, na kadi yake moja ilihesabiwa watu watano, hata kama wanne wamelala nyumbani. Kwa mkimbizi wa miaka mingi, kumhesabu mtu mmoja kuwa saba si ajabu hata kidogo.

Lakini Louisville walikuwa wamehesabu mabega. Bega moja, kura moja.

Margareta aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei, waliosimama nyuma ya Sylveri walikuwa vichwa vingapi. Angelika akasema kumi na wawili, na wanne kwa Leopoldi. Kisha akaitwa na mgeni na simu ikakatika.

Meza ya jikoni ilikuwa na unga uliomwagika. Margareta alijumlisha humo kwa kidole. Sylveri, mia moja thelathini na mmoja. Leopoldi, mia moja thelathini na watatu.

Kaka yake ndiye aliyeshinda, kwa watu wawili.

"Bon, bwana yako ameshinda, na wewe uko nalia," alisema Nabintu. "Iko nini?"

Margareta alisema ni moshi wa mafuta. Akafuta hesabu yake kwa kiganja na kutoka. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini.

Ukumbini, mchungaji Mmarekani alishafika na karatasi zake mbili, ya shamba na ya jengo. Margareta alimkuta mumewe anapiga picha na wazee, akamvuta mkono mpaka kwenye korido ya kutundikia makoti, akamwambia yote kwa pumzi moja.

Alitegemea mumewe ashike kichwa. Alitegemea amuulize kama ana hakika. Sylveri alitazama kwanza mlangoni.

"Nani mwingine anajua?"

Ndugu wasomaji, miaka kumi na minne ya ndoa, na Margareta hakuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu wa ofisini.

Alijibu kwamba ni hao wa Buffalo tu, na wao hawajui kama kuna kosa, wanadhani miji yote imehesabu hivyo.

"Basi waache wadhani," Sylveri alisema. "Nikishasaini, tutaongea."

"Baba Florida," Margareta alimwita kwa jina la mtoto wao, "kaka yangu ameshinda."

Sylveri aliwaka, lakini kwa sauti ya chini. Alimuuliza kama Leopoldi akishinda wale mama wa familia arobaini na tatu watapanda mboga kwenye lami. Alimuuliza yeye mwenyewe Margareta, mwenye matuta yake manne ya maharage pale, atalima wapi, kwenye ndoo? Alisema jengo ni la kuimbia siku moja kwa mwezi, shamba linalisha watu kila siku. Alisema alipigwa kwa ajili ya ardhi ya watu wengine akiwa kijana, na hii ni ya kwanza aliyoipata bila kujificha.

Yote yalikuwa kweli. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Margareta alikuwa anampinga mtu anayesema kweli.

Kisha Sylveri akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akashika mikono yake yote miwili na kumwambia, "Nakuomba." Nyumbani Sylveri haombi, hata chumvi huinuka kuichukua mwenyewe. Margareta aliondoka pale hajasema ndiyo wala hapana, na mumewe akachukulia kwamba ni ndiyo.

Sasa sikilizeni balaa lilivyojipanga.

Upande wa Leopoldi walikuwa wananung'unika. Mzee mmoja alisema Buffalo hawajawahi kufika hamsini hata kwenye arusi. Mwingine akasema Sylveri ana ndugu huko. Mzee Salvatori hapendi minong'ono. Akasema kabla mwenyekiti hajasaini karatasi ya Mmarekani, wataandika muhtasari wa uchaguzi, na atausaini shahidi mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili.

"Nani huyo?" waliuliza.

Salvatori alizungusha macho ukumbini, akayatua kwa Margareta. Mke wa huyu, dada wa yule. Akamwita mezani.

Margareta alitamani mtu apinge. Kaka yake akainuka, na moyo ukamruka kwa matumaini.

"Akisaini yeye, mimi sina neno," alisema Leopoldi. "Mdogo wangu simjui kwa uongo."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kumhusu dada yake siku ile. Bora angemtukana.

Karatasi ikawekwa mbele yake. Iliandikwa kwa mkono wa Salvatori, herufi kubwa kubwa: Nashuhudia kwamba hesabu ya miji yote mitatu ni ya haki. Chini yake mstari mtupu. Sylveri alikuwa upande wake wa kulia, anatabasamu kwa ajili ya watu, na Margareta alisikia anavyopumua.

Alishika kalamu. Alifikiria matuta yake manne. Alifikiria "nakuomba". Alifikiria kwamba akisema, mumewe atadhalilika mbele ya watu mia na sabini, na usiku wataingia kitanda kimoja. Asiposema, kila Jumapili atakaa benchi moja na Leopoldi na kumtazama shingo yake kwa nyuma.

Kalamu iligusa karatasi. Ikaacha nukta. Halafu Margareta akainama, si kwenye karatasi, bali kwenye simu iliyokuwa bado imewashwa pale mezani.

"Buffalo, mnanisikia?"

"Tunakusikia vizuri, mama," ilijibu spika, sauti ya Reginaldi.

"Mko watu wangapi hapo ndani?"

Mzee Salvatori alikunja uso. Sylveri alimkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, na Margareta hakuuondoa.

"Watu kumi na sita, mama," alisema Reginaldi, mchangamfu kabisa. "Lakini saizi zetu zote ni sabini na mbili."

Wakubwa walielewa papo hapo. Mtu aliyewahi kusimama foleni ya posho hahitaji kuelezwa. Vijana waliokulia Amerika ndio waliogeuziana nyuso wakiulizana kwa Kiingereza kuna nini. Kisha ukumbi ukalipuka. Waliokuwa wanaimba walinyamaza, waliokuwa wamenyamaza wakapanda juu ya viti. Mchungaji Mmarekani, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alitazama saa yake na kuuliza kwa adabu ampe nani kalamu. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

Salvatori aligonga meza mpaka miwani ikadondoka. Walipotulia, alisema jambo hili lina njia mbili. Kama ni kosa, Buffalo watahesabiwa upya kwa vichwa, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini kama mgombea alijua hesabu si sawa na akanyamaza, basi kambini sheria ilikuwa moja na hapa ni hiyohiyo: hagombei tena maisha yake yote, na hasimami tena kuisemea jumuiya mahali popote. Akamgeukia Sylveri.

"Ulijua?"

Sylveri hakuchukua hata sekunde. "Sikujua, mzee."

Alisema hivyo akimtazama mkewe. Macho yale Margareta aliyasoma vizuri. Yalikuwa ya mtu anayening'inia, na kamba ameishika mkewe.

Salvatori naye akamgeukia. "Mama Florida, wewe ndiye uliyegundua. Mumeo alijua?"

Leopoldi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mezani, mikono nyuma. Margareta alijiambia kwamba haki ya kaka yake ameshaitoa, imeshatoka, kila mtu ameisikia. Kilichobaki ni jina la mumewe. Je, lazima amvue nguo kabisa, baba wa watoto wake, kwa kosa la dakika ishirini kwenye korido? Mtu amechanganyikiwa, ameliona shamba lake linaondoka. Dakika ishirini tu.

"Hakujua," alisema Margareta. "Hata mimi nimejua sasa hivi, jikoni."

Sylveri alishusha pumzi. Salvatori aliitikia kwa kichwa, akachukua daftari lake na kuanza kusema kwamba basi ni kosa, Buffalo wajipange upya upesi.

Spika ikakwaruza. Iliyotoka sasa ni sauti ya mwanamke, sauti ya Angelika, nyororo na yenye kutaka kusaidia.

"Samahani, mzee Salvatori. Msimlaumu Reginaldi bure, huku hatukukosea. Asubuhi kabla hatujakusanyika kaka Sylveri mwenyewe alitupigia simu, akatuambia safari hii tunahesabu saizi."

Mama mmoja alikaa chini polepole. Sylveri alinyoosha mkono kuizima simu, akakuta mkono wa Salvatori umeshaifunika.

Kwa hiyo mumewe alijua tangu asubuhi. Alijua wakati anamkazia macho aje kwenye mstari wake. Alijua pale koridoni, alipouliza nani mwingine anajua. Margareta aliyahesabu hayo moja moja akiwa ameshika kalamu.

Leopoldi alizimaliza zile hatua tatu. Hakumtazama Sylveri, wala mchungaji mwenye karatasi zake. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa dada yake.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "hebu rudia ulivyosema."